Kumimina kwa Jicho

Katika maduka makubwa yaliyo kando ya barabara ya Thika, kuanzia Ruiru hadi Thika mjini, siku hizi utakuta bidhaa mpya imejipenyeza kati ya sufuria na vyombo vya plastiki. Ni seti ya vyombo vya chuma kisichoshika kutu, vimesimamishwa kwenye kibao cha mbao: kopo la kutikisia vinywaji, kijiko kirefu chenye mpini uliosokotwa, chujio lenye springi, koleo la barafu, na kikombe kidogo chenye midomo miwili, mmoja juu na mwingine chini. Sanduku linaapa kwamba hapo ndani mna kila kitu anachohitaji mtu kuchanganya kokteli nyumbani kwake. Limetia chumvi. Nusu ya vitu hivyo tayari viko jikoni kwako kwa majina mengine, na vilivyobaki utavitumia wikendi moja, kisha vitapanda juu ya kabati kukaa na zile zawadi za harusi ambazo hazijafunguliwa mpaka leo.

Ningeambiwa nichague kimoja tu, ningechukua kile kikombe cha midomo miwili, vingine nimwachie mwenye duka. Hicho ndicho kipimo. Na ndicho ambacho wengi wetu huku hatutakigusa mbele ya watu, hata tukipewa bure, maana kinatuaibisha.

Ajabu ni kwamba sisi ni watu wa kupima. Nenda soko la Jamhuri pale Thika: mahindi na maharagwe yanauzwa kwa gorogoro, lile kopo la kilo 2 la mafuta ya kupikia lililogeuka kipimo cha taifa bila serikali kulitangaza. Omena ni kwa kikombe, viazi ni kwa ndoo, mafuta ya kupikia ni ya kupima, hadi ya shilingi 20. Mnunuzi haangalii mahindi peke yake. Anainua gorogoro, analigeuza, anaangalia kama tako lake limebonyezwa kwa ndani ili lishike kidogo. Akigundua limebonyezwa, hasemi kitu, anahamia kibanda cha pili. Lakini mtu huyohuyo akiwa na wageni sebuleni Jumamosi jioni, akafungua chupa, kipimo kinageuka tusi. Atamimina kwa jicho. Tena atamimina huku akikutazama wewe usoni, asiitazame gilasi, kwa sababu kuitazama gilasi ni kuhesabu, na kumhesabia mgeni ni uchoyo.

Baa inapima, ndiyo, lakini baa inauza. Toti ya mililita 30 ni ya kulinda faida, na sote tunaelewa. Chupa ya mililita 750, ile wanayoiita mzinga, inatoa toti 25 za namna hiyo, na mwenye baa anajua kabla ya kufunga kama mhudumu wake amemtolea 25 au 21. Ndiyo maana kipimo kikiingia nyumbani kinaingia na harufu ya biashara.

Ila walioanza kuandika namna ya kuchanganya vinywaji walipata taabu nyingine, isiyohusu pesa. Mwaka 1862 Jerry Thomas, mhudumu wa baa wa New York, alichapisha kitabu cha maelekezo ya vinywaji mchanganyiko kilichokuja kuwa mama wa vyote vilivyofuata. Kipimo chake kikuu kilikuwa gilasi ya mvinyo. Gilasi ya nani? Ya ukubwa gani? Aliyesoma kitabu kile akiwa mbali na kaunta ya Thomas ilimbidi akisie. Mwaka 1893 ndipo Cornelius Dungan wa Chicago alipopata hataza ya kikombe cha koni mbili zilizogusana ncha, na ndicho hicho kinachouzwa leo Thika. Tangu hapo maelekezo yaliweza kusafiri. Kilichochanganywa Chicago kikaweza kuchanganywa kwingine na kikawa kilekile.

Hapa mtu wa kumimina kwa jicho atanijibu kwamba jicho lake ni zima. Basi ajaribu hivi, na maji, hakuna hasara. Achukue gilasi pana yenye tako zito, amimine anachokiona kuwa toti moja, kisha akimimine kwenye kijiko kikubwa cha mezani, kinachoshika mililita 15. Vijiko viwili ndiyo toti. Gilasi pana hudanganya sana, kwa sababu kimo cha kimiminika kinapanda polepole na jicho linasoma kimo.

Kwa pombe iliyotiwa maji tu hilo si neno. Kwa kokteli ni neno kubwa, kwa sababu kokteli ni mizani kati ya ukali, uchachu na utamu. Chukua dawa, kokteli ambayo Kenya inaweza kusema ni yake. Ilipata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore, Nairobi, uliofunguliwa 1980, na ni binamu wa caipirinha ya Brazili, isipokuwa hapa vodka imekaa mahali pa pombe ya miwa. Vodka mililita 60, ndimu nusu iliyokatwa vipande pamoja na ganda lake, kijiko cha sukari, barafu iliyovunjwavunjwa, na kijiti kilichoviringishwa kwenye asali. Ongeza vodka mililita 30 juu ya hizo na ndimu inazama, haisikiki tena. Kinachobaki ni vodka iliyopoa.

Hicho kijiti nakiheshimu kuliko vyombo vyote vya kwenye sanduku. Asali haiyeyuki haraka kwenye kinywaji baridi, kwa hiyo inabaki imeshika mti, na kadiri unavyokoroga ndivyo inavyoachia. Anayependa utamu anakoroga sana, asiyependa anaacha. Mwenye nyumba amepima ukali na uchachu, lakini utamu amemwachia mgeni mkononi. Na kijiti chenyewe hakiuzwi ghali. Fundi seremala yeyote wa Makongeni atakuchongea kutoka kwenye mabaki ya mbao safi, urefu wa shubiri, kichwa kinene kidogo. Usikikate kwenye ua la jirani tu kwa sababu ni kinyoofu. Oleanda ni nyoofu pia, na ni sumu.

Kipimo changu cha kwanza hakikuwa cha chuma. Kilikuwa kile kikombe kidogo cha plastiki kinachofunika chupa ya dawa ya kikohozi ya watoto, chenye mistari ya mililita 5, 10 na 15. Kilifanya kazi vizuri mpaka siku mjomba alipokuja kututembelea Kihunguro, Ruiru, akakuta nimekiinua usawa wa macho nikisubiri vodka ifike mstarini.

"Sasa wewe," akasema, "mimi nimekuwa mtoto mwenye kikohozi?"

"Hapana Mjomba, ni ili ndimu isikike."

"Ndimu nimeiacha kwangu. Mimina."

Shangazi, ambaye naye alikuwepo, alicheka mpaka akashika ukingo wa kiti. Nilimalizia kupima nikamkabidhi Mjomba gilasi yake, naye akaipokea kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akavuta chupa akajiongezea, polepole, akiniangalia. Alikuwa amerudisha heshima yake mahali pake.

Nimemfikiria sana Mjomba tangu siku hiyo. Yeye huamini anatetea mila, kwamba wazee wetu hawakuwa wakipimiana. Lakini wazee wa Kikuyu walikuwa na vyombo vyao, na vilijua kupima. Mratina ulikuwa na kiwanda kizima: miwa imenywe, ipondwe kwenye vinu vya mti, ikamuliwe, maji yake yachachuliwe kwenye kibuyu karibu na moto kwa tunda kavu la mratina, na penye asali iongezwe asali. Kisha kulikuwa na pembe ya kunywea. Pembe haina mistari ya mililita, lakini kila aliyekaa pale aliujua ujazo wake, na alijua pia nani anamimina, nani anapewa kwanza, na nani hajafika umri wa kupewa. Umri wenyewe ulikuwa kipimo. Isitoshe, mratina ni pombe ya kuchachua. Ukizidisha nusu pembe hujaharibu sana. Kinywaji kilichokenekwa chenye asilimia 40 hakina msamaha huo.

Naona kumimina kwa jicho kulikuja na chupa, hakukuja na pembe. Kwa miongo mingi sheria za kikoloni ziliwakataza Waafrika wa Kenya vinywaji vikali vya Wazungu. Kizuizi kilipoondoka, chupa ikawa cheti. Aliyeiweka mezani alikuwa anasema amefika, na aliyeimimina bila kuihesabu alikuwa anasema amefika na hana wasiwasi wa kesho. Mjomba alikulia kwenye kivuli cha watu hao. Kikombe changu cha dawa kilimpokonya kitu ambacho baba yake alikipata kwa shida.

Tuache ya Mjomba. Kifaa cha pili kinachostahili fikira ni barafu, na watu huikumbuka wageni wakishagonga mlango.

Barafu haipozi kwa kuwa baridi tu. Inapoza kwa kuyeyuka. Gramu moja ya barafu ikiyeyuka hunywa joto la joule 334, ilhali kushusha joto la gramu moja ya maji kwa digrii moja ni joule 4 na kidogo tu. Maana yake, huwezi kupata ubaridi wa kokteli bila kupata maji yake. Kinywaji kikitikiswa vizuri kwa sekunde 10 au 15 hutoka kimeongezeka kwa robo au zaidi, na waliotunga vipimo walishaihesabu nyongeza hiyo. Anayeogopa maji, akatikisa mara mbili na kumimina, anakunywa kitu ambacho hakijaiva. Naye anayetumia barafu iliyokwisha kuanza kulowa anapata maji bila ubaridi, hasara mara mbili.

Kwa hiyo barafu iwe kavu, kubwa, na itoke kwenye friza moja kwa moja. Hapo ndipo Ruiru inapokuwa Ruiru. Stima zinapotea saa kumi na mbili jioni ya Jumamosi, zinarudi saa mbili, na barafu iliyokuwa vipande sasa ni bamba moja lenye nyuzi za mfuko. Mitaa mingi inatumia maji ya kisima yenye chumvichumvi, na barafu ya chumvi huigombanisha ndimu na sukari. Halafu friza ya nyumba ya kawaida ina matumbo, ina samaki aliyeletwa na jamaa kutoka Kisumu, na barafu iliyoachwa wazi hufyonza harufu zote hizo kwa uaminifu mkubwa. Dawa ya haya ni rahisi: maji yaliyochemshwa yakapoa, ndani ya kopo la mtindi lenye mfuniko. Yakiganda unalitoa bamba, unalifunga kwenye kitambaa safi cha jikoni, unalipiga kwa mchi. Ule mlio peke yake unatosha kuwaambia wageni kwamba kuna shughuli.

Vingine nitavipitia mbio. Kopo la kutikisia: mtungi wa jamu wenye mfuniko unaokaza utatosha, ingawa chuma ni bora kwa sababu kinakuonyesha kwa nje ukungu wa baridi ukishika, na hiyo ndiyo ishara ya kuacha. Usitikise soda wala kitu chochote chenye gesi ndani ya kitu kilichofungwa, labda kama unapenda kupiga deki dari. Chujio: nyumba inayochemsha chai ya maziwa haiwezi kukosa chujio, na lile la chai linafaa kabisa, mradi liwe limesuguliwa hadi mafuta ya maziwa yatoke. Kijiko kirefu: kijiko chochote kinachofika chini. Cha kupondea: mwiko uleule wa mukimo, kwa ncha ya mpini, na kwa upole, maana ganda la ndimu likipondwa sana linatoa uchungu ambao sukari haiwezi kuufunika. Blenda ni ya juisi. Barafu nyingi na kisu chake havielewani, na kelele yake inaua mazungumzo.

Nanasi linahitaji neno la ziada, kwa kuwa tuko Thika. Ukitoka mjini ukielekea Murang'a, mashamba ya Del Monte yanaenda mpaka jicho lichoke, na mananasi yamewazunguka watu wa hapa kiasi kwamba tumeacha kuyaona. Ila maji ya nanasi yakitikiswa na barafu hufanya jambo ambalo maji ya matunda mengi hayafanyi: yanatoa povu zito jeupe linalokaa juu ya gilasi kwa muda mrefu. Mahali pengine wahudumu wa baa hutafuta povu kama hilo kwa ute wa yai. Sisi tunalo shambani. Kata nanasi, liponde kwa mwiko, chuja, pima. Sukari nayo, kwa vinywaji vya kutikiswa, isitiwe kavu kwenye kinywaji baridi, huyeyuka kwa shida. Iyeyushe kwanza kwa maji ya moto, kikombe kwa kikombe, iache ipoe chupani.

Kuna chombo kimoja ambacho vitabu vya Chicago na London havikitaji na ambacho kwa nyumba ya kaunti yetu ya Kiambu ni cha lazima: simu. Mei 2014 watu zaidi ya 80 walikufa katika kaunti kadhaa, Kiambu ikiwemo, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mwaka uliofuata, Julai, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru vinywaji haramu viangamizwe katika eneo la kati, na wabunge wakaongoza umati wa watu kumwaga chupa na kufunga maduka. Methanoli haijitambulishi. Kwa rangi na kwa harufu inafanana na ethanoli mno, na mililita 10 zinaweza kumpofusha mtu. Kwenye dawa au kokteli yoyote yenye ndimu, sukari na tangawizi, ulimi hauna nafasi ya kushuku lolote. Utamu unaficha kila kitu. Basi kabla ya kupima, chupa iangaliwe stempu ya ushuru ya Mamlaka ya Mapato, KRA, na stempu isomwe kwa programu ya simu iitwayo Soma Label. Ni sekunde chache. Najua inaonekana utovu wa adabu kuikagua chupa aliyokuja nayo mgeni. Mimi huipeleka jikoni "kuipoza" na kuikagua hukohuko, adabu na uhai vikae pamoja.

Na gilasi? Ziko sebuleni, ndani ya kabati la vioo, pamoja na vyombo vya wageni ambavyo wageni hawajawahi kuvitumia. Huko Ngoingwa nimeingia nyumba ambayo ina gilasi 12 zenye maua ya dhahabu, na wageni tukanywea vikombe vya plastiki vya rangi tofauti. Kufungua kabati hilo ni gharama ya moyo kuliko ya pesa. Ninachojua ni kwamba gilasi fupi nzito inashika baridi vizuri, na ua la dhahabu halibadilishi ladha.

Baada ya yote hayo, aliyenunua kikombe cha chuma katika ukoo wetu ni Shangazi, ambaye hajaonja pombe maishani mwake. Ni mtu wa kanisa, wa kwaya ya akina mama, na kwake kokteli ni ile inayouzwa kwenye vibanda vya juisi, parachichi chini, embe katikati, pesheni juu. Siku ile ya Mjomba nilimtengenezea ya kwake kwa vyombo vilevile: maji ya nanasi mililita 90, ndimu 30, sharubati ya tangawizi 30, barafu, kutikisa hadi kopo lishike ukungu, na kijiti cha asali. Povu lilipanda. Alikunywa nusu, akaweka gilasi chini, akauliza yale maji ya ndimu yalikuwa kiasi gani hasa. Nikamwambia. Akafungua mkoba, akatoa daftari lake la mchango wa harusi.

"Mililita 30 kwa mtu mmoja," akaandika. "Kwa watu 40?"

"Elfu moja na mia mbili."

"Lita moja na kidogo. Ndimu moja inatoa ngapi?"

Mjomba, ambaye alikuwa amekaa kimya na gilasi yake, akasema inategemea, ndimu za kutoka Ukambani zina maji, za hapa ni ganda tupu. Shangazi akasema alete moja apime. Nikaikata, nikaikamulia kwenye kikombe cha dawa ya kikohozi mara mbili, ikatoka 25. Shangazi akapiga hesabu, akaandika ndimu 48, akatazama dari kidogo, akaongeza 7 za zile zitakazokuwa zimeoza, kisha akamuuliza Mjomba gunia ni pesa ngapi huko Ukambani na kama anamjua mtu mwenye pikapu.